Kikombe cha Mlezi

Najua hamtaniamini, na wala siwabembelezi. Bisheni. Yule baba wa benchi la nyuma ambaye tayari amekunja mikono, kunja vizuri, baba, maana leo habari yenyewe ni ya mikono. Nasema hivi: kuna fundi mwenye mikono hodari kuliko mikono yote iliyomo ndani ya kanisa hili, na fundi huyo nusura aiangamize timu nzima ya wanafunzi. Si kwa uzembe. Si kwa roho mbaya. Kwa wema. Mnabisha? Nilijua.

Tena mfano wenyewe ni wa roboti. Naona mama zangu mmeanza kutazamana: huyu kijana aliyeiaga shule kidato cha pili ndiye atufundishe roboti? Ndiyo, mama. Na utaelewa vizuri kuliko ungefundishwa na mwenye digrii, kwa sababu mwenye digrii angeanza na historia ya umeme, ukasinzia. Mimi naanza na fundi.

Fundi huyu aliishi katika mji mmoja wa baridi, mji wa maparachichi na masweta, na kazi yake ilikuwa kusuka mota zilizoungua. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, inafunguliwa, nyaya zake za shaba zinatolewa kama matumbo ya kuku, kisha fundi anasuka nyingine mpya, uzi kwa uzi, mpaka mashine ingurume tena. Wengine wanasuka wakiwa wameuma ulimi. Yeye alisuka huku akiongea na simu. Watu walisema mota iliyopita mikononi mwake huwezi kuitofautisha na ya dukani, naye hakuwa mtu wa kuwakatisha wakisema hivyo.

Siku moja mwalimu mkuu wa sekondari ya kata akaingia karakanani. Mama mfupi, mkali, wa kuongea bila kupepesa macho.

"Habari za kazi, fundi. Sijaleta mota."

"Nzuri, mwalimu. Umeleta nini?"

"Nimeleta ombi. Nina wanafunzi wanaotengeneza roboti, na mwalimu wao wa fizikia amehamishwa. Mashindano hayapokei timu isiyo na mlezi. Kazi ni ya kujitolea."

"Na hiyo roboti yao inafanyaje?"

"Mwaka jana iligoma. Haikutoka hata kwenye mstari wa kuanzia. Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilikuwemo."

"Ulicheka?"

"Nilikuwemo ukumbini, fundi. Sasa nimewaambia wazi. Chumba wanachotumia kilikuwa stoo ya viti. Mwaka huu isipotembea, viti vinarudi ndani na klabu inakufa."

Fundi akafuta mikono yake kwenye kitambaa. "Itatembea."

"Hujaiona."

"Mwalimu, mimi nimefufua mashine ambazo wenyewe walishaziita chuma chakavu. Itatembea."

Mmemwona huyo? Nampenda. Ananikumbusha mtu fulani ambaye sitamtaja na ambaye amevaa koti zuri leo.

Jumamosi asubuhi fundi akafika shuleni. Kwenye veranda akavikuta vile viti, vimepangwa juu ya vingine mpaka darini, vimetulia kama ndugu wanaosubiri mirathi. Ndani akawakuta wanafunzi, na katikati ya meza ndiyo roboti: magurudumu mawili, mkono mmoja wa bati, na waya kila mahali kama tambi zilizomwagika. Walimwita Shangazi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuokota vitu vya watu na kuviweka anapotaka yeye.

Fundi hata salamu hakumaliza. Mkono wake ulikuwa umeshatangulia. "Hebu tumwone."

Nahodha wa timu, binti wa kidato cha nne, sweta limetoboka kiwiko, akapita katikati ya mkono na meza.

"Shikamoo, fundi. Samahani, mlezi hagusi."

"Hagusi nini?"

"Hamgusi Shangazi. Ndiyo sheria. Kila kitu kijengwe na wanafunzi. Mlezi anatuuliza maswali, anatufungua macho tukikwama, anatusemea kwa walimu. Lakini mkono wake hauingii."

"Sasa mikono yangu niiweke wapi?"

Kijana aliyekuwa dereva wa Shangazi, yaani mwenye kushika rimoti, bingwa wa maneno wa timu ile, akaondoka. Akarudi na kikombe kikubwa cha bati, kimejaa chai ya tangawizi ya moto. Kikombe kilishang'oka mkono wa kushikia, kwa hiyo huwezi kukimudu ila kwa viganja viwili.

"Hapa, fundi," akasema. "Weka hapa."

Wakacheka wote, na fundi akacheka. Tangu siku ile ukawa utaratibu. Kila Jumamosi fundi akiingia anapewa kikombe, anakaa kwenye benchi, anauliza. Umeme unaingilia wapi? Unatokea wapi? Kwa nini upande huu unapata moto? Wao wanakuna vichwa, wanafungua, wanaunguza vidole, wanajibu.

Ninyi mnaona rahisi. Mama, umewahi kumtazama binti yako akikatakata vitunguu, kila kipande kinene kama tofali, ukakaa kimya mpaka mwisho? Usinijibu, binti yako amekaa hapo karibu yako. Baba, umewahi kukaa kiti cha abiria kijana wako akijifunza kuendesha, mguu wako usikanyage breki ambayo haipo? Basi fundi alikuwa anakanyaga breki isiyokuwepo kila Jumamosi. Chai ilikuwa inapoa mkononi akiwa hajaionja. Vidole vilikuwa vinawasha. Lakini alivumilia, kwa sababu alikuwa ameahidi itatembea.

Na watoto walikuwa wanakua mbele ya macho yake. Yule nahodha alibuni jambo lake. Nyaya zilikuwa za rangi moja zote, maana walizitoa kwenye redio mbovu moja, kwa hiyo akaenda kwa dada yake akaomba chupa za rangi ya kucha. Akapaka kila waya alama kwenye ncha. Nyekundu, gurudumu la kushoto. Ya lulu, gurudumu la kulia. Zambarau, mkono. Shuleni kupaka kucha ni kosa la kurudishwa nyumbani, lakini akasema hajaona sheria inayomkataza waya kupaka.

Ikafika Ijumaa, kesho yake ni mashindano. Jioni Shangazi alivuka chumba kwa mwendo wa kujikongoja, akaokota gunzi, akalitia kwenye ndoo. Wanafunzi wakapiga makofi, wakamfunika kwa khanga, wakaenda zao kupiga pasi sare. Fundi akabaki kufunga chumba.

Hapa sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninyi na mimi tunapoingia.

Akamfunua Shangazi amtazame mara moja tu. Akaona ungio moja la waya, pale unaposhikizwa kwa risasi ya moto, limechomwa vibaya, limevimba kama chunusi. Akasema moyoni, hili moja tu. Hakuna kikombe, hakuna nahodha. Akalichoma upya, likang'aa. Lakini ungio zuri katikati ya mabaya linaonyesha ubaya wa yale mengine, si ndiyo? Akalirekebisha la pili. Kisha akaona nyaya ni ndefu mno, zinaning'inia, watu wazima watasema nini kesho? Akazing'oa, akazikata ncha zikatoshana, akazichoma upya. Akazilaza pamoja, akazibana, akazivika tepu nyeusi. Alifanya kazi ile kwa upendo, nawaambieni, huku anaimba. Alipomaliza akamlaza Shangazi chali juu ya meza, akawasha. Magurudumu yote mawili yakazunguka. Akatabasamu, akamfunika khanga, akafunga mlango. Sakafuni, chini ya meza, vikabaki vipande vidogo vya waya vyenye rangi nyekundu, ya lulu na zambarau.

Mmeona alichokikata? Subirini.

Mashindano yalikuwa mji wa jirani, katika ukumbi wa kukodi. Sakafuni ulitandikwa mkeka mpana wa plastiki, huku mwisho mmoja mstari wa kuanzia, kule kwingine kapu. Katikati zilitawanywa duara za mbao zilizopakwa kijani, ndiyo maparachichi yenyewe. Kila timu ilikuwa na zamu tatu. Walezi walisimamishwa nyuma ya kamba. Mlezi akivuka kamba, au akiwaambia wanafunzi cha kufanya, timu inatolewa. Mwalimu mkuu wao alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini.

Zamu ya kwanza. Dereva akabonyeza kitufe cha kwenda mbele. Gurudumu moja likaenda mbele. Jingine likarudi nyuma. Shangazi akaanza kuzunguka papo hapo, anazunguka, anazunguka, kama mbwa anayefukuza mkia wake. Na ukumbi, mnaujua ukumbi. Ukacheka kama mwaka jana.

Fundi, nyuma ya kamba, alijua palepale. Mota ikizunguka kinyume, umebadilisha nyaya mbili, basi. Hata mwanafunzi wake wa siku ya kwanza karakanani anajua hilo. Jana alimpima Shangazi akiwa chali, na kitu kilicholala chali huwezi kujua mbele yake ni wapi. Ni kosa la dakika moja kulirekebisha. Lilikuwa hatua chache kutoka mkononi mwake.

Wanafunzi wakamfungua Shangazi tumbo. Nahodha akatazama ndani kwa muda, akainuka, akaja hadi kwenye kamba.

"Fundi, jana ulimfungua?"

Angeweza kusema mengi. Akasema, "Nilimfungua."

"Alama zetu ziko wapi?"

"Nilizikata. Nyaya zilikuwa ndefu mno. Nilitaka mpendeze mbele za watu."

Dereva alikuwa amefuata nyuma. "Tumependeza kweli. Tumezunguka kama bi harusi anayeonyesha gauni."

Nahodha hakucheka. "Fundi, mimi nilikuwa namjua kila waya aliyekuwa mle ndani. Hata usiku umeme ukikatika ningempapasa nikamtaja. Sasa nimefungua tumbo la Shangazi, nimekuta la mtu mwingine."

"Ni jambo dogo. Ni nyaya mbili tu, nikikuambia zipi..."

"Usiniambie."

"Dakika moja tu, binti yangu."

"Ukiniambia, tunatolewa. Samahani, fundi, naomba unyamaze niwaze."

Fundi akanyamaza. Mtu mzima, mwenye karakana, anayeheshimika mji mzima, akanyamaza.

Binti akageuka kumwendea mwamuzi. Dereva akamshika sweta. "Unaenda kusema? Hapa hakuna anayejua."

"Yeyote atakayefungua atajua. Hii kazi si yetu. Ni nzuri mno."

Mwamuzi, dada mmoja mwenye filimbi shingoni, akamsikiliza mpaka mwisho. Akachungulia ndani ya Shangazi. Kisha akasema, wala si kwa ukali, "Kazi ya mtu mzima haishindani hapa. Ing'oeni yote mrudishe ya kwenu, au mkae na watazamaji. Na zamu yenu ya pili ndiyo hii inaanza."

"Tunaiacha ya pili."

"Ya tatu ndiyo ya mwisho."

"Tunajua."

Wakaleta mkasi. Ndugu zangu, fundi alisimama pale akaangalia tepu yake ikichanwa, maungio yake yanayong'aa yakikatwa moja moja na kutupwa sakafuni. Mikono yake haikuwa na pa kwenda. Ndipo dereva, yule mwenye maneno, akafungua begi, akatoa kile kikombe cha bati. Hakikuwa na chai. Akamwekea fundi viganjani bila mzaha wowote.

"Shika, fundi."

Akashika.

Wakaanza upya. Nahodha akipima, mwenzake akimenya ncha, dereva akishikilia tochi ya simu. Binti akafungua chupa ya rangi, ikawa imekauka. Akaipiga kiganjani, hakuna kitu. Akageuka huku na huku. Basi mwalimu mkuu, yuleyule aliyepiga marufuku rangi ya kucha shule nzima, akafungua mkoba wake polepole, akatoa chupa, akampa bila kumtazama usoni. Hakuna aliyeuliza. Na ninyi msiulize.

Walikwama mara mbili. Mara mbili nahodha akatazama upande wa kamba, na fundi aliona kabisa anakosea wapi. Ulimi wake ulikuwa tayari mlangoni. Akakibana kikombe, akageuza uso wake ukutani, ili hata macho yake yasimwambie. Alipogeuka tena, binti alikuwa ameng'oa waya na kuubandika panapostahili. Mwenyewe.

Zamu ya tatu ikaitwa. Shangazi akawekwa mstarini, nyaya zinaning'inia kama tambi, rangi ya kucha haijakauka vizuri. Dereva akabonyeza.

Akatembea.

Alitembea upande upande kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, lakini alitembea. Akavuka mstari. Akafika kwenye parachichi la kwanza, akalikosa, akarudi nyuma, akalijaribu tena, akalibana, akalibeba mpaka kapuni. Akageuka kulifuata la pili, filimbi ikalia.

Parachichi moja. Timu nyingine zilijaza kapu. Hawakupata kombe, hawakupata cheti, na sitawadanganya ili mfano upendeze. Lakini mwalimu mkuu alisimama, akafunga mkoba wake, akasema, "Vile viti nitavitafutia pengine pa kulala." Na nahodha, ambaye muda wote ule hakuwa ametoa hata chozi, akakaa chini kwenye mkeka akalia.

Fundi akatazama mikono yake. Kile kikombe cha bati kilikuwa kimebonyea pande zote mbili, kwa vidole vyake.

Haya, sasa tuongee sisi.

Sisi tunapenda kusaidia. Hilo silikatai. Lakini ni mara ngapi msaada wetu umekata alama za mtu mwingine? Mtoto ameandika sala yake ya chakula, maneno yanarukaruka, wewe unamnyang'anya unaomba kwa ufasaha. Tangu siku hiyo haombi tena, na wewe unajiuliza vijana wa siku hizi wana nini. Tunawaambia vijana waongoze kwaya, kisha sisi tunaimba sauti zote nne. Tunampa mtu uongozi wa jumuiya, halafu usiku tunakwenda kumfunga tepu nyeusi ili apendeze mbele za watu. Tunaita upendo. Na pengine ni upendo kweli, fundi alikuwa anaimba. Lakini siku mtu huyo atakapozunguka papo hapo katikati ya ukumbi, akafungua tumbo la maisha yake, atakuta nini mle? Kazi yako. Nzuri, inayong'aa, asiyoijua.

Wengine mnamlalamikia Mungu. Mnasema, ananiona nimekwama, mbona haingizi mkono? Unadhani hauoni ule waya? Anauona kabla hujamfungua Shangazi wako. Lakini yeye aliyesuka kila kitu ameacha kazi nyingine mikononi mwetu, akatuuliza tu, umeme unaingilia wapi, unatokea wapi? Huko si kukosa mapenzi. Unajua nguvu kiasi gani inahitajika kushika kikombe? Kutengeneza ni rahisi, fundi yeyote anaweza. Kukaa karibu, Jumamosi baada ya Jumamosi, usiondoke na usiguse, hiyo ndiyo kazi. Mtu akikwama mbele yako wiki hii, usimkimbie. Wala usimnyang'anye. Kaa benchini, uliza.

Nasikia amina moja tu. Sawa. Ni kwa sababu bado mnabisha.

Basi kuna sehemu nimeiruka, na niliiruka kwa makusudi, kwa sababu hainipendezeshi. Nimewasimulia kama mtu niliyekuwa ukumbini. Sikuwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, wiki iliyopita, alipokuja nyumbani kwangu. Ile klabu sasa imejaa, wa kidato cha kwanza wameunda timu yao, na yeye hawezi kulea mbili. Akasema wanafunzi wamenichagua mimi.

Mnanijua. Nikavimba. Nikamwambia, fundi, ni kawaida, kipaji hakijifichi. Nikamuuliza, hebu niambie, wamesema wameona nini kwangu?

Akasema, "Nahodha amesema tukuchukue wewe kwa sababu hujui kitu. Hutakuwa na cha kugusa."

Siku mbili sikumpigia simu. Ya tatu nikampigia. Naanza Jumamosi hii, na sitakosa hata moja mpaka wale wadogo wavuke mstari wao wenyewe.

Na ninyi mliobisha tangu mwanzo, tazameni. Kikombe alichoniachia fundi kimekuwa hapa chini ya mimbari muda wote. Hakina mkono wa kushikia, na huku, na huku, hapa palipobonyea, vidole vyangu vinaenea.